Safari ya Machu Picchu na Bonde Takatifu la Peru: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Maswali ninayoletewa kuhusu Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka katika milima ya Peru, yanafanana mno. Mtu ameshalipia ndege, hoteli ya Cusco, mji wa milimani ambako ndege hutua, imethibitishwa, likizo imesainiwa kazini, ndipo anafungua ukurasa wa tiketi na kukuta siku zake zote zimejaa. Mwingine tiketi anayo, lakini usiku wa kwanza Cusco kichwa kinamgonga mpaka alfajiri, asubuhi anatapika, na siku ya tatu anapanda treni akiwa hoi, haoni mlima wala bonde.

Matatizo haya mawili yana mzizi mmoja: mpangilio umegeuzwa. Safari hii hupangwa kuanzia langoni mwa Machu Picchu kurudi nyuma hadi nyumbani kwako. Na ukishafika Peru, hutembewa kuanzia bondeni, yaani Bonde Takatifu la mto Urubamba lililo chini ya Cusco, kwenda juu, si kuanzia juu kushuka.

Historia ya Wainka nimeiacha kabisa. Utaisikia ukiwa pale pale mbele ya mawe yenyewe, tena kwa mtu aliyezaliwa huko. Hapa tunashughulika na namna ya kufika, kuingia na kubaki mzima.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti yenye uhai wa zaidi ya miezi 6 baada ya tarehe ya kurudi. Tiketi ya Machu Picchu huandikwa namba ya pasipoti, kwa hiyo kama yako inakaribia kuisha, ibadilishe kwanza.
- Kadi ya Visa au Mastercard iliyofunguliwa kwa malipo ya nje ya nchi, pamoja na laini ya simu inayopokea namba ya uthibitisho kutoka benki.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kile cha rangi ya njano.
- Siku 10 kamili ndani ya Peru, ukiacha siku za ndege. Siku 7 zinawezekana, lakini kila hitilafu ndogo itakula siku ya Machu Picchu yenyewe.
- Bima ya safari inayotaja kwa maandishi matibabu ya maradhi ya mwinuko (yanayoletwa na uhaba wa oksijeni mahali pa juu) na usafiri wa dharura. Soma kikomo cha mita. Baadhi ya bima hukoma chini ya mahali unapokwenda kutembea.
- Majibu ya kipimo cha selimundu (sickle cell) kama hujawahi kupima. Sababu iko hatua ya 6.
- Dola za Marekani, noti safi zisizochanika wala kuandikwa. Noti yenye mchaniko mdogo tu pembeni hurudishwa dirishani.
- Nguo za kuvaa kwa tabaka: fulana, sweta, jaketi la kuzuia upepo, koti jepesi la mvua, kofia ya mzula kwa usiku na kofia pana kwa jua la mchana. Viatu viwe vimeshazoea mguu wako.
- Mkoba mdogo wa mgongoni usiozidi sentimita 40 kwa 35 kwa 20. Mkubwa zaidi ya huo hauruhusiwi kuingia Machu Picchu.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi

Kiangazi cha Cusco huanza Mei hadi Septemba. Mvua huanza kushika Novemba, na Januari na Februari ndiyo kilele chake. Usiende miezi hiyo miwili kama una nafasi ya kuchagua. Reli ya Machu Picchu inapita kwenye korongo jembamba la mto Urubamba, na maporomoko yakishuka hakuna njia mbadala ya maana. Januari 2010 mafuriko yaliikata reli hiyo, na maelfu ya watalii wakatolewa kwa helikopta.

Juni, Julai na Agosti mbingu ni safi, lakini watu ni wengi na tiketi huisha mapema. Juni 24 ni sherehe ya Inti Raymi mjini Cusco. Ni ya kupendeza, ila vyumba hupanda bei wiki nzima.

Mimi humshauri mtu achague Mei au Septemba. Mvua ni chache, watu wamepungua kiasi, na baridi ya usiku haijafikia ile ya Julai inayokaribia nyuzi sifuri.

Usiseme bado kwamba unasafiri tarehe fulani. Uwe na wiki mbili au tatu zinazokufaa ndani ya mwezi uliouchagua. Tarehe kamili itaamuliwa na tiketi ya lango.

## Hatua ya 2: Chunguza viza na njia ya ndege, bila kulipa

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Peru. Wale wetu walioko ughaibuni wenye pasipoti za Uingereza, Umoja wa Ulaya, Marekani au Kanada huingia kama watalii bila viza.

Balozi za Peru barani Afrika ni chache. Pretoria na Cairo ni miongoni mwake. Andika barua pepe mapema, angalau miezi minne au mitano kabla, uulize ni ubalozi gani unashughulikia nchi yako na wanataka nyaraka zipi. Tuma maswali yote kwa barua moja, kwa Kihispania kama una wa kukusaidia. Wakitaka tiketi ya ndege, waulize kama nafasi iliyoshikiliwa bila kulipiwa inakubalika.

Tahadhari: usidanganywe kwamba viza ya Marekani au ya Schengen iliyomo pasipotini mwako inakutosha. Msamaha huo unaousikia umewekewa mataifa mahususi, kama India na China.

Kuhusu ndege, hakuna inayotoka Afrika Mashariki moja kwa moja hadi Lima. Utapitia Ulaya, yaani Amsterdam, Paris au Madrid, au utapitia São Paulo nchini Brazil kwa ndege ya kutoka Addis Ababa. Njia ya Marekani iepuke kama huna viza yao, maana Marekani hata abiria wa kuunganisha ndege hutakiwa kuwa na viza.

Ulaya nako angalia vizuri. Mwenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo au Somalia huhitaji viza ya kupitia uwanjani katika nchi zote za Schengen, hata kama hatoki nje ya jengo. Nchi moja moja, Hispania ikiwemo, huongeza mataifa mengine kwenye orodha yake. Kwa hiyo Mkenya au Mtanzania asikate tiketi ya Madrid kabla ya kusoma orodha ya Hispania ya wakati huo.

Hatua hii imekamilika ukiwa na majibu matatu kwenye karatasi: viza inaombwa wapi, inachukua muda gani, na ndege itapita wapi bila kudai viza nyingine.

## Hatua ya 3: Kata tiketi ya lango la Machu Picchu

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo twende taratibu.

Tiketi huuzwa na Wizara ya Utamaduni ya Peru kwenye tovuti yake rasmi, tuboleto.cultura.pe. Idadi ya wageni kwa siku ina kikomo: kwa kawaida ni 4,500, na 5,600 kwa siku chache za msimu wa juu. Wagawe hao kwa saa za kuingia na kwa njia mbalimbali za ndani, utaona kwa nini ile njia inayopendwa na kila mtu huisha mapema.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba tiketi haikupi Machu Picchu yote. Tangu Juni 2024 kuna mizunguko mitatu, na ndani yake njia 10. Unachagua moja, unaifuata kwa upande mmoja, na huruhusiwi kurudi nyuma.

Mzunguko wa 1 unapita juu, kwenye matuta. Unapata ile picha maarufu ya mji mzima na kilele cha Huayna Picchu nyuma yake, lakini huingii katikati ya majengo.

Mzunguko wa 2 unaanzia kwenye matuta hayo ya picha kisha unashuka kuingia mjini. Huu ndio ninaomshauri kila anayekwenda mara ya kwanza.

Mzunguko wa 3 unapita sehemu ya chini. Unaona majengo kwa karibu, Hekalu la Jua likiwemo, lakini hupandi kule juu kwenye picha maarufu. Anayetaka kukwea Huayna Picchu huanzia mzunguko huu, kwenye njia ya 3-A.

Ukikosa mzunguko wa 2, sogeza tarehe yako kwanza kabla ya kukubali wa 3. Nimewaona watu wakitoka langoni wamenuna kwa sababu walitumia mshahara wa miezi kwa ajili ya mandhari moja, na tiketi yao haikuwapitisha kwenye mandhari hiyo.

Bei ya mtu mzima mgeni imekuwa soli 152 (soli ni sarafu ya Peru) kwa njia za kawaida na soli 200 kwa zile zinazopanda milima, kama Huayna Picchu. Soli 152 ni kama dola 40 hadi 45.

Namna ya kulipa bila kukwama. Siku moja kabla, piga simu benki uwaambie unalipa Peru kwa kadi. Jina liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, pamoja na namba. Tiketi ikitoka, ihifadhi kwenye simu na uichapishe.

Saa ya kuingia. Ukungu wa alfajiri hufunika mlima mara nyingi, kwa hiyo sipendi tiketi ya kwanza kabisa. Chagua ya 08:00 au 09:00, yaani saa mbili au saa tatu asubuhi. Kuwa makini hapo: 07:00 ya tiketi ni saa moja asubuhi. Kuna waliosoma namba kwa haraka wakajipanga kwa saa saba mchana.

Je, ununue kabla ya viza kutoka? Kama unakwenda Juni hadi Agosti, nunua. Viza ikikataliwa utapoteza soli 152. Ukisubiri viza na tiketi zikaisha, utapoteza maana ya safari nzima. Miezi mingine unaweza kusubiri, huku ukichungulia nafasi zilizobaki kila siku mbili tatu.

Zipo pia tiketi takriban 1,000 zinazouzwa kwa mkono kila siku katika mji wa Aguas Calientes, ulio chini ya Machu Picchu. Foleni ni ndefu na mara nyingi unapewa ya kesho au keshokutwa, kwa njia iliyobaki. Hizo ni za mwenye siku nyingi mkononi. Aliyevuka bahari kwa likizo ya wiki mbili asizitegemee.

Na njia ya miguu ya Wainka? Ile ya siku nne hukatiwa kibali kupitia kampuni yenye leseni tu, kama vile huwezi kupanda Kilimanjaro bila wakala. Watu 500 kwa siku ndio kikomo, wapagazi na waongozaji wakiwa ndani ya hesabu hiyo, kwa hiyo wageni hasa ni kama 200. Vibali vya miezi mizuri huisha miezi mingi kabla, na Februari njia hufungwa. Sehemu yake ya juu zaidi inafika mita 4,215. Ukikosa kibali kuna njia ya Salkantay, isiyo na kikomo hicho, ila ni ya juu zaidi: inavuka kwenye mita 4,600 na ushei.

Umefaulu hatua hii ukiwa na karatasi yenye jina lako, namba ya pasipoti, tarehe, saa na njia. Tarehe hiyo sasa ndiyo msumari. Kila kitu kingine kinatundikwa juu yake.

## Hatua ya 4: Treni na basi

Hakuna barabara ya gari inayofika Aguas Calientes. Watu hufika kwa treni, kampuni mbili zikiwa PeruRail na Inca Rail, au kwa miguu.

Panda treni kutokea Ollantaytambo, mji ulio ndani ya Bonde Takatifu, si Cusco. Kutoka Ollantaytambo ni kama saa moja na nusu hadi mbili kasorobo, safari ni nyingi kwa siku, na tayari utakuwa umelala bondeni kama nitakavyoeleza. Nunua ya kwenda jioni au mchana wa siku iliyotangulia tiketi yako ya lango, na ya kurudi mchana wa siku yenyewe, angalau saa tano au sita baada ya muda wako wa kuingia.

Treni ndiyo inayokula fedha. Kwenda na kurudi hupita dola 120 mara nyingi. Anayebana matumizi huchukua gari dogo kutoka Cusco hadi Hidroeléctrica, ambako barabara huishia, saa sita au saba za kona, kisha hutembea kilomita kama 10 kandokando ya reli. Kiangazi inafaa kwa kijana mwenye miguu. Wakati wa mvua usiifuate njia hiyo, kwa sababu mawe hushuka barabarani.

Kutoka Aguas Calientes kuna basi la kupanda hadi langoni, chini kidogo ya nusu saa, takriban dola 12 kwa kila upande. Kwa miguu ni ngazi za saa moja na nusu.

Tahadhari kubwa: reli hii husimamishwa na migomo ya wenyeji. Januari 2023 Machu Picchu ilifungwa kwa wiki kadhaa kwa sababu ya machafuko ya kisiasa, na Septemba 2025 reli ilizibwa kutokana na mgogoro wa mabasi hayo hayo. Ndiyo maana kwenye ratiba yako lazima iwepo siku tupu kati ya Machu Picchu na ndege ya kurudi.

## Hatua ya 5: Sasa lipia ndege

Viza ikiwa mkononi, hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya lango: ufike Lima siku nne kabla, ukae kwenye milima siku tano au sita baada.

Lala Lima usiku mmoja. Ndege ya Lima hadi Cusco ni saa moja na dakika 20 hivi, na uwanja wa Cusco umezungukwa na milima. Hali ya hewa ikichafuka mchana, safari huahirishwa. Chagua ya asubuhi. Kurudi vivyo hivyo: usiunganishe ndege ya Cusco na ya kimataifa siku hiyo hiyo kama hazimo kwenye tiketi moja.

## Hatua ya 6: Mpeleke mwili kwa daktari

Cusco iko mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo, kila pumzi inakuletea takriban theluthi mbili tu ya oksijeni uliyoizoea Mombasa, Dar es Salaam au Muscat. Wenyeji huyaita maradhi yake *soroche*.

Linganisha na Kilimanjaro. Kwa njia ya Marangu mpandaji hulala Mandara, mita 2,720, kabla ya kulala Horombo, mita 3,720. Anapewa siku mbili za miguu kufika karibu na kimo ambacho ndege ya Lima inakufikisha kabla hujamaliza kunywa chai yako. Mwili haujui kwamba umekwenda kwa starehe. Uwe kijana, uwe mkimbiaji wa marathoni, nguvu ya misuli haikukingi.

Mwulize daktari mambo haya, mwezi mmoja kabla:

Selimundu. Hili watu wa Ulaya hawaambiani, lakini sisi linatuhusu sana. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande huko bila ushauri wa bingwa wake, na mara nyingi ushauri utakuwa asiende. Hata mwenye kubeba kinasaba kimoja tu, yule AS ambaye maisha yake yote hajaugua, anaweza kuumia bandama kwenye mwinuko mkubwa. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto ukiwa Cusco si ya kuvumilia. Shuka na uende hospitali.

Acetazolamide, inayouzwa pia kwa jina la Diamox. Huusaidia mwili kuzoea, na kwa kawaida huanzwa siku moja kabla ya kupanda. Inakojolesha na kufanya vidole kuchomachoma. Kama Septrin au Fansidar iliwahi kukuletea mzio, mwambie daktari kabla hajaandika.

Mimba, moyo, mapafu na presha. Usijiamulie mwenyewe.

Malaria. Cusco, Bonde Takatifu na Machu Picchu hazina malaria. Lakini wewe umetoka kwenye malaria, na inaweza kukuamkia huko. Homa ikikupata, mwambie daktari wa Cusco wazi kwamba umetoka Afrika Mashariki na udai kipimo cha damu. *Soroche* ya kawaida haileti homa kali, na daktari asiyejua ulikotoka anaweza kukutibu mwinuko huku vijidudu vikiendelea.

## Hatua ya 7: Tua Cusco, usilale Cusco

Siku ya kutua, chukua gari moja kwa moja hadi bondeni, mji wa Urubamba au Ollantaytambo. Ni kama saa moja na nusu hadi mbili. Urubamba iko mita 2,870 na Ollantaytambo mita 2,790, yaani karibu sawa na Mandara. Mita 600 za tofauti ndizo zinazoamua kama utalala au utakesha ukishika kichwa.

Barabara ya Chinchero hupanda kwanza hadi mita 3,700 na kitu kabla ya kushuka. Utasikia pumzi fupi kwa muda mfupi, usiogope, mteremko uko mbele. Dereva mwombe asisimame huko kwenye maduka ya vitambaa. Utarudi siku nyingine ukiwa na nguvu.

Siku mbili za kwanza: tembea polepole, kula kidogo kidogo, kunywa maji ya chupa au yaliyochemshwa, acha pombe, usinywe dawa ya usingizi. Chai ya majani ya koka utapewa kila hoteli. Inatuliza, lakini haichukui nafasi ya kupumzika, na huweza kuonekana kwenye kipimo cha dawa za kulevya cha mwajiri. Mabaharia, madereva na wafanyakazi wa Ghuba, tumieni tangawizi.

Kichwa kuuma kidogo, kukosa hamu ya kula na usingizi wa mang'amung'amu ni kawaida. Dalili za kushuka mara moja ni hizi: kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, kuhema ukiwa umekaa, kikohozi chenye mapovu. Usingoje kupambazuke.

Ukiamka asubuhi ya pili ukitaka uji, mwili umekubali.

## Hatua ya 8: Siku za bondeni

Ollantaytambo usiitumie kama stesheni tu. Watu bado wanaishi ndani ya mpango wa mji wa kale. Vichochoro ni vyembamba, kuta zake za chini ni mawe ya kale, na ubavuni mwake kuna mifereji ya mawe ambamo maji ya mlimani yanakimbia usiku na mchana. Amka mapema uisikie kabla mabasi hayajafika.

Ngome iliyo juu yake ina matuta makubwa yenye ngazi za mawe. Panda kumi, simama, panda kumi. Juu kabisa yamesimama mawe sita ya rangi ya waridi, makubwa kuliko milango, na kati ya jiwe na jiwe kuna vipande vyembamba vya mawe vilivyochomekwa kama gundi. Geuka utazame ng'ambo ya mto: machimbo yalikotoka yako mlimani kule, upande wa pili wa bonde.

Kwenye lango hilo utauziwa Boleto Turístico, tiketi ya pamoja. Nzima imekuwa soli 130, hutumika siku 10, na inafungua maeneo ya kale ya Ollantaytambo, Pisac, Moray, Chinchero, Sacsayhuamán na mahali pengine. Nunua nzima hapa hapa. Wengi hununua ya sehemu, kisha wakifika Cusco hulipa tena. Haihusu Machu Picchu, Qorikancha (hekalu la Wainka mjini Cusco), kanisa kuu la Cusco wala mabwawa ya chumvi ya Maras. Beba soli taslimu.

Kuhusu chakula, samaki wa maji baridi aina ya trauti, viazi, mahindi, mayai na supu ya nafaka ya kinoa hupatikana kila mahali. Kwa Mwislamu, nyama ya halali ni adimu, na chakula kiitwacho *chicharrón* Cusco mara nyingi ni nguruwe. *Chicha morada* ni maji ya mahindi ya zambarau yaliyochemshwa, hayana kilevi. *Chicha de jora* ni pombe, ndugu ya busaa.

## Hatua ya 9: Siku ya Machu Picchu

Sanduku kubwa liache hotelini Ollantaytambo. Treni huruhusu mzigo mdogo tu. Lala Aguas Calientes ili kuchelewa kwa treni kusikuharibie saa ya tiketi.

Asubuhi jipange foleni ya basi saa moja au zaidi kabla ya muda wako. Beba pasipoti halisi. Nakala au picha ya simu haitoshi. Kama ulibadilisha pasipoti baada ya kukata tiketi, beba zote mbili.

Nenda msalani kabla ya kuingia, choo kiko nje ya lango na ukitoka huruhusiwi kurudi. Ndani hakuna chakula, mwavuli, droni wala fimbo ya chuma. Beba maji, koti la mvua na mafuta ya jua. Ngozi yetu nyeusi nayo huungua kwenye mwinuko huu, na midomo hupasuka.

Mwongozaji mwenye kitambulisho mpate langoni au mjini usiku uliotangulia, mkubaliane bei, lugha na njia iliyo kwenye tiketi yako. Wanaokuja peke yao huungana watatu wanne wakachangia.

Ukifika kwenye matuta ya juu na kukuta ukungu, usisonge. Kaa pembeni, wapishe wengine, subiri. Njia ni ya kwenda mbele tu, na ukishashuka hakuna mlinzi atakayekurudisha. Mara nyingi ukungu hupasuka kwa vipande: kwanza unaona paa la jengo moja, kisha uwanja wa majani, kisha kilele chote. Aliyekwenda haraka huwa ameshafika chini.

Muhuri wa ukumbusho unaogongwa pale ugonge kwenye daftari. Pasipoti ni mali ya serikali yako, na muhuri usio wa uhamiaji unaweza kukuletea maswali mpakani.

## Hatua ya 10: Panda Cusco ukiwa umeshazoea

Kesho yake panda kwa gari kupitia Maras, Moray na Chinchero, ulale Cusco. Sasa mita 3,400 zitakupokea vizuri. Tembelea Qorikancha, kisha Sacsayhuamán asubuhi, ambako kuta za mikunjo zina mawe yenye uzito wa zaidi ya tani 100.

Mlima wa rangi, Vinicunca, uko kwenye mita 5,000. Usiuweke kabla ya siku ya sita milimani, na ukiwa na dalili yoyote uache kabisa. Ile siku tupu niliyoitaja ibaki tupu. Kama hakuna mgomo, itumie sokoni San Pedro.

Hotelini onyesha pasipoti: mgeni asiye mkazi hasamehewi kila kodi, lakini kodi ya mauzo ya asilimia 18 kwenye malazi humwondokea. Wengine hawakuambii usipouliza.

## Siku ya kurudi

Pekua mizigo uondoe majani ya koka, pipi za koka na vifurushi vya chai yake, hata ulivyopewa zawadi. Peru ni halali. Viwanja utakavyopitia na nyumbani ni kosa la dawa za kulevya.

Cheti cha homa ya manjano kiweke pamoja na pasipoti, si ndani ya sanduku. Peru imo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, na uwanjani Nairobi au Dar es Salaam unaweza kuombwa kabla ya kugongewa muhuri wa kuingia.